Mhazini na Kibodi: Kumaliza Hesabu za Kikundi Mapema

Mama anapochaguliwa kuwa mhazini wa kikundi hupigiwa vigelegele, kisha wenzake hurudi makwao na yeye hubaki na hesabu. Kuna hisa za kuandika, mikopo ya kufuatilia, faini za waliochelewa mkutanoni, na mfuko wa jamii wa kuwasaidia wagonjwa na wafiwa. Kazi hii aghalabu haina mshahara. Huifanya usiku, vyombo vikiwa vimeoshwa na watoto wamelala, na akikosea hata shilingi elfu moja ataulizwa mbele ya watu: "Bi Mhazini, mbona yangu imepungua?"

Kisiwani Unguja, kuanzia Mji Mkongwe hadi vijiji vya pwani ya mashariki, vikundi vya kuweka na kukopa ni jambo lililozoeleka. Mtindo wake wa kisasa ulianzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, nao ulipofika Zanzibar ulishika mizizi katika vijiji vinavyouzunguka msitu wa Jozani. Sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo mikononi mwa wanawake watatu tofauti, wengi wetu tunalifahamu. Lililo jipya ni kwamba katika baadhi ya vikundi daftari la mhazini limehamia kwenye kompyuta: ya mtoto aliye chuoni, ya ofisini baada ya saa za kazi, au laptopu ya mtumba iliyonunuliwa kwa fedha za wote.

Wapo akina mama wanaolalamika kwamba kompyuta inawachelewesha kuliko kalamu. Hebu kaa kando ya mmoja wao umtazame. Mbele yake kuna programu ya lahajedwali, ambayo wengi huiita Excel kwa jina la ile inayojulikana zaidi. Ni jedwali kubwa lililogawanywa katika vijumba vidogo. Kila kijumba huitwa seli. Safu zinazoshuka zina majina ya herufi, na mistari inayolala ina namba, kwa hiyo seli ya kwanza kabisa ni A1. Mama huyu anaandika tarakimu moja, anaacha kibodi, anashika kipanya (mausi, kama wengi wanavyosema), anakisukuma hadi seli inayofuata, anabonyeza, anarudi kwenye kibodi, kisha anainamia daftari kutafuta alipofikia. Kwa wanachama 30 wenye hesabu nne kila mmoja, safari hizo ni 120 kwa mkutano mmoja. Na kila mara jicho linapoondoka daftarini, linaweza kurudi kwenye jina la jirani.

Dawa yake ni kuacha mikono ikae kwenye kibodi. Karibu kila kitu anachokifanya kwa kipanya kina mabonyezo yake ya mkato, na yale anayoyahitaji mhazini ni machache tu.

Kibodi ilitangulia

Pengine utadhani mabonyezo haya ni ufundi wa wataalamu uliobuniwa baadaye. Kinyume chake ndicho kweli. Lahajedwali ya kwanza ya kompyuta ndogo, VisiCalc, iliuzwa mwaka 1979, na kompyuta hizo hazikuwa na kipanya. Mtu aliyeibuni, Dan Bricklin, alikuwa mwanafunzi wa biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, akamwona mwalimu wake akichora jedwali ubaoni. Kila namba moja iliposahihishwa, ilibidi kufuta na kuandika upya namba nyingine nyingi zilizoitegemea. Akawaza ubao ambao ungejisahihisha wenyewe. Pamoja na mwenzake Bob Frankston wakautengeneza kwa ajili ya kompyuta ya Apple II, ambayo kibodi yake ilikuwa na mishale miwili tu, wa kulia na wa kushoto. Mtumiaji alipotaka kushuka au kupanda alibonyeza kwanza kitufe kirefu cha nafasi ili mishale ileile ibadili mwelekeo!

Mwaka 1983 ikaja Lotus 1-2-3, ambayo amri zake ziliitwa kwa alama ya mkwaju, yaani "/". Excel ilitoka mwaka 1985 kwa kompyuta za Macintosh na mwaka 1987 kwa Windows. Waliotoka Lotus hawakutaka kusahau vidole vyao vilichozoea, na hadi leo ukibonyeza "/" ndani ya Excel, herufi ndogo huchomoza juu ya menyu kukuonyesha kitufe cha kubonyeza. Alt hufanya hivyo hivyo. Mama aliyesahau njia, basi, anaweza kuisoma hapo hapo kwenye kioo.

Wale waliopata kuwa wapiga chapa wa ofisini watalielewa jambo hili upesi kuliko vijana. Mpiga chapa hodari hakutazama mashine. Alitazama karatasi aliyokuwa akiinakili. Ustadi huo ndio tunaoutafuta hapa.

Bamvua halimsubiri mtu

Chukua mfano wa wakulima wa mwani. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Unguja mwaka 1989, huko Paje na Jambiani, na tangu hapo wengi wa wakulima wake wamekuwa wanawake. Kazi yenyewe hufuata maji. Wakati wa bamvua, mara mbili kwa mwezi karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari hukupwa mbali na wanawake huingia kufunga mbegu na kuvuna. Wakati wa maji mafu hubaki nchi kavu. Hapo ndipo mwani uliokauka hupimwa, mikutano hufanyika na hesabu hufungwa. Mhazini ambaye naye ni mkulima ana siku hizo chache tu kabla ya maji kumwita tena. Akizitumia zote mbele ya kompyuta, kamba zake shambani zitalimwa na nani?

Tuseme basi anaingiza mizani ya bamvua lililopita. Jina liko safu ya A, kilo safu ya B, bei safu ya C, fedha alizochukua mwanachama mapema safu ya D. Aanze kwenye A2, aandike jina, abonyeze Tab. Seli inahamia kulia. Kilo, Tab, bei, Tab, fedha, na sasa abonyeze Enter. Hapo programu haishuki chini ya D. Inarudi yenyewe hadi A3, tayari kwa mwanachama wa pili. Programu ilikumbuka alipoanzia. Jambo hili dogo wengi hawalijui, na peke yake linaondoa zile safari 120. Sharti ni moja: usichanganye na mishale katikati ya mstari, kwani ukigusa mshale programu husahau ulipoanzia.

Akiwa amekosea tarakimu moja ndani ya namba ndefu, asiiandike upya. F2 humfungulia seli arekebishe palipokosewa tu. Akiona ameharibu zaidi, Esc humrudishia kama ilivyokuwa. Na kama alikwisha bonyeza Enter, Ctrl na Z kwa pamoja hurudisha nyuma hatua moja, kisha nyingine, na nyingine. (Katika laptopu nyingi vitufe vya F vimepewa kazi ya sauti na mwanga, hivyo hubidi kushikilia pia kitufe kilichoandikwa Fn.)

Kwa orodha ndefu, shikilia Ctrl na ubonyeze mshale wa chini. Utaruka hadi mwisho wa maandishi katika safu hiyo. Ctrl na Home hukurudisha mwanzo wa jedwali. Lakini kuna faida nyingine, na kwa maoni yangu ni kubwa kuliko ule wepesi. Ule mruko husimama kabla ya seli iliyo tupu. Ukiwa kwenye safu ya kilo, ukaruka ukitarajia kufika mstari wa 31, ukajikuta umesimama mstari wa 17, basi aliye mstari wa 18 hukumwandikia kitu. Umempata aliyesahauliwa kabla yeye hajakupata wewe.

Umeme

Wazanzibari hawahitaji kuelezwa maana ya umeme kukatika. Kisiwa cha Unguja hupata umeme kutoka bara kwa waya unaopita chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Waya wa kwanza uliwekwa mwaka 1980. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mzima, Mei hadi Juni. Kisha Desemba 2009 giza likarudi, na safari hii lilikaa miezi mitatu, hadi Machi 2010. Ofisi na hoteli za Mji Mkongwe ziliendeshwa kwa jenereta, na wasio na jenereta walirudi kwenye mshumaa na kalamu. Waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 ulianza kazi mwaka 2013, na hali ni nafuu sana kuliko wakati ule. Hata hivyo umeme wa saa mbili tatu kukatika bado ni jambo la kawaida, na kompyuta ya mezani haina betri.

Ctrl na S huhifadhi kazi yako. Excel hujiwekea nakala ya dharura kila baada ya dakika 10, lakini dakika 10 za mhazini ni majina mengi. Izoeze mikono yako kubonyeza Ctrl na S kila unapomaliza mwanachama wa tano, bila kufikiri, kama mpishi anavyokoroga uji. Mwenye kutumia kipanya hufanya hivi mara chache kwa sababu humbidi kuacha anachokifanya. Mwenye kutumia kibodi haachi kitu.

Siku ya kugawana

Sasa tuje kwenye siku nzito kuliko zote, siku ya kuvunja mzunguko na kugawana. Tuseme kikundi kina wanachama 30. Kwa mwaka mzima walinunua hisa 1,200 kwa shilingi 5,000 kila moja, yaani shilingi 6,000,000. Faida ya mikopo ikaleta shilingi 1,200,000. Sandukuni mna shilingi 7,200,000, kwa hiyo kila hisa sasa ina thamani ya shilingi 6,000. Mama mwenye hisa 40 atapokea 240,000.

Kwenye kompyuta, mstari wa kwanza ni vichwa vya safu. Majina yako A2 hadi A31, hisa ziko safu ya B, malipo yatakuwa safu ya C, na thamani ya hisa, ile 6,000, imewekwa peke yake kwenye seli E1. Katika C2 mhazini anaandika =B2*E1. Asibonyeze Enter bado. Kwanza abonyeze F4. Ile E1 itageuka kuwa $E$1. Alama hizo za dola hazihusiani na fedha za Kimarekani, ni misumari. Zinaiambia programu kwamba hata fomula ikinakiliwa chini mistari thelathini, E1 isisogee. Ndipo abonyeze Enter.

Misumari ikisahaulika, fomula ya mstari wa tatu itatafuta thamani ya hisa katika E2, ya nne katika E3, na huko hakuna kitu. Mwanachama wa kwanza atapata fedha zake na wengine wote watapata sifuri. Na sifuri ni afadhali, kwani huonekana. Hatari ni pale mhazini alipoandika jambo jingine katika E2, labda faini au namba ya risiti. Hapo mwanachama mmoja hupewa namba isiyo yake, na namba hiyo inaweza kufanana na kweli.

Fomula ikiwa sawa, inafaa ishushwe hadi mstari wa 31. Wengi hapa huivuta kwa kipanya kwa kona ya seli, ikawaponyoka, wakafika mstari wa 60. Wengine wamesikia kwamba Ctrl, Shift na mshale wa chini huchagua hadi mwisho, wakafanya hivyo katika safu ya C ambayo bado ni tupu. Safu tupu haina mwisho mwingine ila mwisho wa jedwali lenyewe, ambao katika Excel tangu toleo la mwaka 2007 ni mstari wa 1,048,576. Kompyuta ya mtumba ikiambiwa ijaze mistari milioni, itasimama kama punda wa gari la ng'ombe.

Njia salama ni hii. Nenda safu ya majina, A2. Ctrl na mshale wa chini hukufikisha kwenye jina la mwisho, A31. Mshale wa kulia mara mbili: uko C31. Sasa Ctrl, Shift na mshale wa juu kwa pamoja. Uchaguzi unapanda hadi kwenye fomula yako, C2, na kusimama hapo. Bonyeza Ctrl na D. Malipo ya wanachama wote yamejaa. Ukishuka hadi C32 ukabonyeza Alt pamoja na alama ya sawasawa, programu itapendekeza jumla ya safu. Enter, na usome. Kama hesabu ni sahihi, utaona 7,200,000, ileile iliyohesabiwa sandukuni mbele ya wenye funguo watatu. Ikitofautiana hata kwa shilingi 6,000, hisa moja imeandikwa vibaya mahali fulani, na ni heri kulijua hilo kabla noti hazijaanza kutoka.

Mara ya kwanza utahitaji dakika kadhaa na karatasi hii pembeni. Mara ya tatu au ya nne vidole vitakuwa vinajua njia.

Tarehe zetu na saa zetu

Ctrl na nukta mkato, yaani ";", huandika tarehe ya leo. Ukiongeza Shift huandika saa. Ni mabonyezo mazuri kwa risiti, lakini yana mitego miwili kwa watu wa kwetu.

Saa ya kompyuta huanza kuhesabu usiku wa manane. Ukilipwa mkopo saa nne asubuhi itaandika 10:00, na mwanachama aliyelipa saa nne asione saa yake. Kubalianeni mapema mtaandika vipi.

Tarehe ina mtego mbaya zaidi. Kompyuta nyingi huja zikiwa zimepangwa kwa desturi ya Marekani, ambako mwezi hutangulia siku. Andika 12/1 ukikusudia Sikukuu ya Mapinduzi, 12 Januari, nayo itaelewa Desemba mosi. Mkopo wa Januari utaonekana haujatolewa bado. Andika 25/1 nayo haitaielewa kabisa, kwani hakuna mwezi wa 25, na itaiacha kama maneno tu, isiyoweza kupangwa wala kuhesabiwa. Hapa hakuna bonyezo la kukuokoa. Ingia kwenye mipangilio ya kompyuta, sehemu ya eneo, uiambie ifuate siku, mwezi, mwaka, kabla hujaandika chochote.

Kuchungulia ndani

Wanachama wanayo haki ya kuuliza namba zimetoka wapi. Juu ya Tab, kushoto kwa namba 1, kuna kitufe chenye alama ndogo iliyoinama, "`". Bonyeza Ctrl na kitufe hicho, na jedwali zima litavua nguo za nje: badala ya majibu utaziona fomula zenyewe. Safu ya malipo inapaswa kuonyesha fomula ileile kutoka juu hadi chini. Palipo na namba tupu katikati ya fomula, mtu aliandika kwa mkono. Huenda kwa nia njema, huenda sivyo. Bonyeza tena na majibu yatarudi. Kamati ya ukaguzi ikifundishwa bonyezo hili moja tu, mhazini mwaminifu hatakuwa na sababu ya kukosa usingizi.

Vipi kujifunza

Usijaribu yote kwa siku moja. Chagua mawili kwa wiki, yaandike kwenye kipande cha karatasi na ukibandike pembeni mwa kioo. Kisha kiweke kipanya upande wa kushoto, mbali kidogo, ili mkono ukikizoea uone uvivu wa kukifuata. Herufi za kunakili na kubandika hazisahauliki: Z, X, C na V zimekaa pamoja katika mstari wa chini wa kibodi, jirani na Ctrl. Kuzifanya kata na bandika ziwe jambo la kawaida ni kazi iliyosukumwa mbele na Larry Tesler, aliyefariki mwaka 2020, kwanza katika maabara ya Xerox na baadaye katika kampuni ya Apple.

Asiyekuwa na uwezo wa kununua Excel anaweza kutumia LibreOffice, ambayo ni ya bure, na mengi ya mabonyezo haya hufanya kazi vile vile. Hata lugha si kikwazo kipya: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, lahajedwali ikiwamo. Kwenye simu ya mkononi mambo ni tofauti, kwani kioo chake hakina Ctrl. Simu inafaa kusoma hesabu, si kuziingiza.

Na kikundi cha watu kumi wanaoaminiana, wenye daftari safi na mihuri yao ya hisa, sioni kwa nini kihangaike na kompyuta. Daftari halihitaji umeme.

Kwa walio na kompyuta, kabla ya mkutano bonyeza Ctrl na P ili kuchapa. Tazama kwanza picha ya ukurasa inayotokea, maana jedwali pana hukatwa na safu ya malipo ikaangukia karatasi ya pili. Laza karatasi, uamuru safu zote zienee ukurasa mmoja, chapa nakala tatu, na ziache zipitishwe mkekani mkono kwa mkono, kila mama atafute jina lake.